Mgeni kapiga hema, maji yake ya sabuni yenda wapi?

Kila likizo ndefu inapokaribia, iwe ni ya Idi, ya Pasaka au ya Disemba, barabara ya Likoni kwenda Lungalunga na ile ya Mombasa kwenda Malindi hujaa magari yaliyofungwa mahema juu ya paa. Baadhi ni familia za hapa hapa Mombasa zinazotaka kupumua siku mbili tatu nje ya mji. Baadhi wametoka Nairobi. Wengine ni Wazungu waliovuka nchi kadhaa kwa malori na vani zilizogeuzwa nyumba, ndani mna kitanda, jiko, sinki na bafu. Wote wanatafuta kitu kimoja: mchanga, kivuli cha mnazi au mvinje, na upepo wa bahari. Utawakuta Tiwi, Diani, Kilifi, Watamu, na hata kaskazini ya Malindi.

Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kweli wenyeji hupona. Mvuvi huuza samaki wake papo hapo bila dalali, kijana wa bodaboda hapati nafasi ya kukaa chini, na mama wa mahamri na mbaazi humaliza sufuria kabla jua halijapanda. Kiwanja cha mahema hakihitaji mamilioni ya kujengea hoteli, kwa hiyo hata mtu wa kawaida mwenye shamba karibu na bahari anaweza kuifanya biashara hii. Kwa hiyo sina ugomvi na mahema. Nina swali moja tu, nalo nililirithi kwa bibi mmoja.

Mwaka mmoja, siku ya pili ya Idi, tulikwenda kupiga kambi upande wa Tiwi, ndugu na watoto, jumla yetu watu kumi na wanane. Mwenye kiwanja alituonyesha mahali pa mahema, choo na bomba moja la maji. Kuhusu maji ya kuoshea vyombo na ya kuogea hakusema neno, nasi hatukuuliza. Tukapika pilau, tukaosha masufuria kwa sabuni ya unga, tukafua nepi za watoto, na kila beseni tukalimwaga nyuma ya mahema, chini ya mbuyu. Asubuhi ya pili palikuwa pamefanya dimbwi jeupe lenye utando wa mafuta, nzi wamejaa.

Akapita bibi mmoja na mtungi wa maji kichwani. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu." Kisha akalitazama lile dimbwi. "Hayo maji yenu yenda wapi?" Nikamjibu kwamba yanazama ardhini, yanaisha. Akaelekeza mkono nyuma ya ua wa makuti. Kisima chao kilikuwa hapo, hata hatua thelathini hazifiki. "Basi yazama kwetu," akasema, akaenda zake.

Hakupaza sauti wala hakututukana. Ingekuwa afadhali angetutukana.

Maji ya sabuni si maji matupu

Maji yanayotoka sinki, bafuni na kwenye beseni la kufulia wataalamu huyaita maji ya kijivu, ili kuyatofautisha na maji meusi ya chooni. Jina hilo la kijivu ndilo linalotudanganya. Tunaona kwa kuwa hayana kinyesi basi hayana neno, tunayamwaga popote. Lakini tazama kilichomo ndani: mafuta ya kukaangia, makombo ya wali, damu ya nyama na samaki, jasho, sabuni, dawa ya meno, na pale penye watoto wachanga, mabaki ya nepi. Viini vya maradhi vimo, ijapokuwa ni vichache kuliko vya chooni. Maji haya yakikaa siku moja tu kwenye joto letu hili huanza kuoza na kunuka, na mbu na nzi hupata makao.

Sabuni nayo ina mambo yake. Baadhi ya sabuni za kufulia zina fosfeti, ambayo ni chakula cha mimea. Ikifika baharini pamoja na mbolea nyingine ya maji taka, hulisha mwani. Mwani ukizidi hufunika matumbawe na kuyanyima mwanga na nafasi. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, miongoni mwa za mwanzo kabisa barani Afrika, na matumbawe yake yalipata pigo kubwa mwaka 1998 maji ya bahari yalipopata joto kupita kiasi wakati wa El Niño. Matumbawe yanayojitahidi kupona hayahitaji tena povu letu. Na mvuvi anajua: matumbawe yakifa, changu na tafi huhama.

Kuna wanaosema, "Mimi natumia sabuni inayooza yenyewe, imeandikwa kwenye chupa." Sawa, lakini sabuni hiyo huozeshwa na vijidudu vilivyomo kwenye udongo. Ukiimwaga mtoni, kisimani au baharini moja kwa moja, ile kazi ya udongo umeiruka. Maneno ya kwenye chupa hayakupi ruhusa ya kuogea sabuni penye chemchemi.

Ardhi yetu ina matundu

Mtu aliyezoea udongo mzito wa bara anaweza kudhani maji akiyamwaga hapa yatachujwa taratibu kama kwao. Pwani yetu kwa sehemu kubwa imekalia mawe ya tumbawe ya kale, na mawe hayo yana matundu na nyufa. Ukichimba kisima utakuta tabaka jembamba la udongo, kisha jiwe, kisha maji. Palipo na ufa, maji ya juu hushuka haraka mno, hayapati muda wa kuchujwa. Na palipo na mchanga mtupu, kama kwenye matuta, maji hupita kama kwenye kichujio cha chai kilichotoboka.

Chini ya ardhi hiyo maji matamu hayapo kwa wingi. Yanaelea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi. Ni kama mafuta yaliyoelea juu ya mchuzi: ukichota sana unafika kwenye chumvi, ukichafua kidogo umechafua yote. Lamu wanalijua hili kuliko mtu yeyote, kwa kuwa mji wao kwa miaka mingi umetegemea visima vya matuta ya mchanga ya Shela. Tiwi nako visima virefu vya huko ndivyo vinavyogawia maji sehemu kubwa ya Pwani ya Kusini, na pampu za mkono zimetapakaa Kwale tangu miaka ya 1980. Kwa hiyo mgeni anayemwaga beseni Tiwi huenda anamwaga kwenye paa la tangi la watu wengine.

Na kinachozama hakikai. Maji ya bahari yakipwa, mahali pengi utaona maji matamu yakichuruzika kutoka chini ya miamba kuelekea baharini. Njia hiyo hiyo ndiyo ya maji yetu machafu.

Hesabu ya mitungi

Utasikia, "Beseni moja lina nini?" Tupige hesabu ya mitungi, ambayo kila mtu wa Pwani anaijua. Tuseme kila mtu kambini anatumia mtungi mmoja tu wa lita 20 kwa siku, kuoga, kuosha na kufua. Kambi ya watu 50 itamwaga lita 1,000 kwa siku. Likizo ya siku tatu ni lita 3,000, sawa na mitungi 150. Sasa weka viwanja vitano jirani jirani kwenye ufuo mmoja: mitungi 750, yote ndani ya siku tatu, yote kwenye kipande kimoja cha ardhi yenye nyufa. Na hapo tumewahesabia matumizi ya mtu anayebania maji, si ya mgeni anayeoga mara tatu kwa siku kwa sababu ya chumvi na joto.

Vani zile za kigeni huwa na tangi la kukusanyia maji haya, na huko Ulaya viwanja vyao vina mahali maalumu pa kulimwaga tangi. Hapa kwetu, katika viwanja nilivyotembelea, sijaonyeshwa hata kimoja chenye mahali hapo. Dereva akifika tangi limejaa, afanye nini? Aliye muungwana atauliza. Asiye muungwana atafungua kizibo usiku, barabarani au kichakani, na kesho yuko Tanzania.

Sheria ipo, dini ipo

Si kweli kwamba hatuna sheria. Katiba ya 2010, Ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Ibara ya 43 inataja haki ya maji safi na ya usafi wa kiwango kinachofaa. Ibara ya 70 inasema haki yako ya mazingira ikitishiwa unaweza kwenda mahakamani, na huhitaji kuthibitisha kwamba umekwisha kupata hasara au madhara. Maana yake, yule bibi wa Tiwi hana haja ya kungoja wajukuu zake waharishe ndipo asikilizwe. Tena Ibara ya 62 inaiweka ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma. Ufuo si wa mwenye kambi wala wa mgeni wake. Sheria ya mazingira ya 1999, ile iliyoleta NEMA, inakataza kuchafua maji, na kanuni zilizofuata zikaweka masharti ya kumwaga maji taka.

Tatizo ni kwamba sheria hizi zimeandikwa zikiwa na macho kwenye kiwanda na hoteli kubwa. Ofisa akija hukagua mahali penye geti na lifti. Kiwanja cha mahema kumi chini ya mikoko au minazi hakimo machoni mwake. Lakini serikali za kaunti haziwezi kusema hili si lao. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti huduma za maji na usafi, na pia leseni za biashara na utalii wa mahali. Kwale, Kilifi, Mombasa na Lamu kila mwaka hupokea ada ya leseni. Karatasi hiyo hiyo ya leseni ingeweza kubeba sharti moja zaidi: onyesha maji yako ya kuoshea yanakwenda wapi. Haihitaji bunge jipya wala mkopo wa Benki ya Dunia.

Kwa sisi Waislamu jambo lenyewe lilitakiwa kuwa jepesi zaidi. Mtume (S.A.W.) ametukataza kujisaidia penye vyanzo vya maji, njiani na kwenye vivuli vya watu, na ametufundisha kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana. Kila mtoto aliyepita chuoni kwa mwalimu wetu wa Kishafi amesoma mlango wa twahara kabla ya mlango wa sala. Anajua kwamba maji yaliyobadilika sana rangi, ladha au harufu kwa kuchanganyika na kitu safi kama sabuni hayafai tena kutawadhia, na yakibadilika kwa najisi yamekuwa najisi yenyewe. Basi tunapomwaga nepi na povu karibu na kisima cha kijiji hatuharibu afya tu. Tunaharibu udhu wa watu, nasi tumeshika tasbihi mkononi tukingoja adhana.

Tusimnyooshee mgeni kidole pekee

Nitakuwa mnafiki nikimaliza kwa kumlaumu mgeni. Mombasa yenyewe, nyumba nyingi hazijaunganishwa na mabomba ya maji taka. Maji ya bafuni na jikoni huishia kwenye mashimo yaliyochimbwa kwenye hilo hilo jiwe la tumbawe, na visima vimo baina yake. Lamu, mji tunaojivunia kwamba UNESCO iliuandika kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, maji ya sabuni hupita kwenye mifereji ya wazi vichochoroni hadi baharini, na watoto huruka juu yake wakienda madrasa.

Wazee wetu hawakuwa hivyo tangu asili. Nenda magofu ya Gedi ukatazame: visima, vyoo na mahali pa kuogea vilipangwa kwa akili kabla ya nchi hii kuwa na wizara yoyote. Kwenye nyumba za mawe za Lamu, birika la maji liliwekwa samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Waliishi na maji machache wakayaheshimu. Sisi tumepata mfereji na bomba, tukaacha kuyafikiri maji pindi yanapotoka machoni petu.

La kufanya, tena ni rahisi

Nimejifunza haya tangu ile Idi, kwa kuuliza na kwa kujaribu. Kwanza, punguza uchafu kabla ya maji. Sufuria la pilau lipanguse kwa karatasi au kwa ganda la nazi kabla ya kuliosha. Mafuta ya kukaangia yasimwagwe kabisa. Yatie kwenye chupa urudi nayo. Maji ya vyombo yachuje kwa kitambaa kikuukuu, makombo yaende kwenye mfuko wa taka.

Pili, sabuni iwe kidogo, ya kipande ikiwezekana. Masufuria mengi hutakata kwa majivu na mchanga, kama walivyofanya mama zetu. Baharini usioge kwa sabuni, na usifue kando ya kisima au pampu. Chota maji, uende nayo mbali.

Tatu, umbali. Waandishi wa miongozo ya kambi hutaja mita 60 kutoka kwenye maji yoyote, ambazo ni kama hatua 80 za mtu mzima. Hapa kwetu, kwa ardhi hii ya nyufa, hizo nazichukulia kuwa kima cha chini. Uliza kwanza kisima cha wenyeji kiko wapi, maana ua wa makuti huficha mengi.

Nne, usimwage mahali pamoja, wala usichimbe shimo refu. Watu wengi hudhani shimo refu ni usafi zaidi. Ni kinyume chake, kwa sababu vijidudu vinavyokula uchafu vinaishi kwenye udongo wa juu, na shimo refu linayasogeza maji machafu karibu na maji ya kunywa. Yatawanye kwenye udongo wenye mimea, au yaelekeze kwenye migomba. Mgomba unakunywa maji ya sabuni bila kulalamika. Usitilie mchicha wala mboga inayoliwa mbichi.

Tano, mwenye vani afunge kizibo cha tangi lake hadi afike mahali alipoonyeshwa. Na wenye vyoo vya dawa ndani ya gari wasimwage dawa hiyo kwenye choo cha kambi kabla ya kumwuliza mwenyewe, kwani baadhi ya dawa hizo huua vijidudu vinavyofanya tangi la choo lifanye kazi.

Kwa wenye viwanja, kazi ni kubwa kidogo lakini si ya kutisha. Sinki moja la pamoja la kuoshea vyombo, lenye kisanduku cha kunasia mafuta, kisha maji yapite kwenye kitalu cha kokoto na matete kabla ya kufika kwenye migomba. Atakayesema hili ni la Ulaya, aulize habari za gereza la Shimo la Tewa. Maji taka ya gereza hilo yalikuwa yakiteremka kwenye mkono wa bahari wa Mtwapa, hadi mradi uliosaidiwa na UNEP ulipojenga hapo kitalu cha matete cha kuyasafisha. Ikiwa matete yaliaminiwa kwa gereza zima, mahema kumi yatayashinda vipi?

Najua wapo watakaosema masharti yatamwumiza mwenye kiwanja mdogo na kuacha hoteli kubwa. Hofu hiyo ina haki yake, maana tumezoea kuona sheria ikiwa kali kwa mnyonge. Ndiyo maana kaunti ingeanza kwa kufundisha na kutoa mchoro wa bure wa kitalu, mwaka mmoja wa kurekebisha, kisha ndiyo ikague. Kamati za vijiji na za maji nazo zipewe nafasi ya kusema kabla ya leseni kutolewa, kwa sababu wao ndio wanaojua kisima kiko wapi.

Sisi wapiga kambi tunayo nguvu yetu pia, nayo ni pesa iliyo mfukoni. Huwa tunauliza bei, tunauliza kama kuna umeme wa kuchajia simu, tunauliza kama choo ni safi. Likizo hii, kabla ya kulipa, ongeza swali la yule bibi: maji yenu ya kuoshea yenda wapi? Akijibu kwamba yanazama tu, mwambie akuonyeshe kisima cha jirani, halafu uamue kama hapo ni mahali pa kulaza watoto wako.

Mimi nilirudi Tiwi mwaka uliofuata. Tulibeba karatasi za kupangusia, chupa ya mafuta machafu na jembe. Bibi sikumkuta, wakaniambia amekwenda Msambweni kwa bintiye. Nikaomba ruhusa kwa mjukuu wake, tukamwaga maji yetu kwenye migomba yao, mbali na kisima. Kijana akacheka, akasema migomba hiyo itazaa pilau.